UZI: Tufuate kontena moja kutoka Yiwu hadi Embakasi, uone pesa zako zinakwama wapi

MzigoTaratibu (mwanzisha uzi)

Wadau, kila wiki kuna mtu anauliza hapa: "Kontena langu liko wapi? Ramani inaonyesha meli katikati ya bahari na haisongi." Nimechoka kujibu vipande vipande. Leo tufuate kontena moja la futi 40, limejaa chupa za chai, ndoo na mabeseni ya kuuzwa soko la Kamukunji, toka mlango wa ghala huko Uchina mpaka linafunguliwa hapa Nairobi. Mimi ni wakala wa forodha, kwa hivyo nitakaa kwenye karatasi kuliko kwenye mawimbi. Na msimamo wangu nauweka mapema: pesa za muagizaji mdogo hazipotelei baharini. Zinapotelea pale kontena limesimama.

Tuanze Yiwu. Huo ni mji wa bara, hauna bandari. Bidhaa zikishakusanywa ghalani, trela inaleta kontena tupu, linapakiwa, linafungwa sili yenye namba, linashuka hadi bandari ya Ningbo. Kontena la futi 40 refu, lile la kimo cha futi tisa na nusu, lina nafasi ya mita za ujazo 76 hivi. Kwa ndoo na mabeseni utajaza nafasi muda mrefu kabla ya kufikia kikomo cha uzito. Ukiagiza vigae au misumari mambo yanageuka: uzito unajaa na nusu ya sanduku iko wazi. Ndiyo sababu watu wa vigae hupenda futi 20. Muuzaji akikwambia "40 ni bei nzuri zaidi" bila kuuliza unabeba nini, mpe kisogo.

Tangu Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inataka kila kontena lililopakiwa lipimwe na uzito wake uthibitishwe kabla ya kupandishwa melini. Zamani watu walikuwa wanaandika uzito wa kubuni, na rundo la makontena lililopangwa kwa uzito wa uongo linaanguka bahari ikichafuka.

Kabla ya sili kufungwa kuna jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: cheti cha KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ukaguzi wake, unaoitwa PVoC, hufanyika huko huko mzigo unakotoka. Bila cheti cha ubora, mzigo ukifika hapa kuna adhabu, kuna sampuli za maabara, na kuna kusubiri. Lipa ukaguzi kule.

Nakuja na sehemu ya bahari. Maswali wekeni.

Bi_Kamukunji

Asante kaka. Lakini hilo kontena lako ni la mtu mwenye pesa zake. Sisi tunaochangia je? Mimi nina mita tano za ujazo, mwenzangu ana mbili, mwingine viatu, mwingine simu. Tunaingia wote sanduku moja.

MzigoTaratibu

Dada, hapo ndipo penye moto. Mkichangia, hati ya shehena, BL kubwa, huwa kwa jina la mkusanyaji na si kwa jina lako. Mbele ya forodha kontena lote ni tangazo moja. Mwenzako akificha simu ndani ya boksi la viatu, skana ikiona picha isiyolingana na orodha, kontena linafunguliwa lote na chupa zako za chai zinalala hapo pamoja na simu zake. Mnakumbuka 2018 na 2019, serikali ilipokaza kamba dhidi ya bidhaa bandia, jinsi wafanyabiashara wa Nyamakima walivyopiga kelele mizigo yao ikiwa imekwama? Wengi wao hawakuwa na kosa la kibinafsi. Walikuwa wamechangia.

Sisemi usichangie. Kwa mtaji mdogo hakuna njia nyingine. Ninachosema ni kwamba mkusanyaji unamchagua kwa kuuliza anawakataa wateja wa aina gani. Asiyemkataa yeyote, muogope.

Mgeni77

Na namba ya kontena inasomwaje? Nimetumiwa picha na muuzaji, nataka kujua kama ni ya ukweli.

MzigoTaratibu

Swali zuri, na hili unaweza kulifanya kwa kalamu ukiwa ndani ya matatu. Namba ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, ya nne kwa kawaida ni U. Tarakimu sita ni namba yenyewe, na ile ya mwisho, iliyochorewa kisanduku, ni ya kukagua zile nyingine.

Mfano unaotumika sana ni CSQU 305438, mwisho 3. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, mnaendelea hivyo mkiruka 11, 22 na 33. Basi C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea kuongeza maradufu mpaka tarakimu ya sita ya namba, inayozidishwa kwa 512. Jumla hapa ni 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3. Inalingana. Tapeli wa mtandaoni akibuni namba kutoka kichwani, mara nyingi hesabu inamkataa. Ikikubali bado haimaanishi mzigo wako umo ndani, maana anaweza kunakili namba ya kweli kutoka kwa trela yoyote pale Mlolongo. Lakini ikikataa, shika pesa zako.

Dereva_Mlolongo

Kumbe ndiyo maana karani wa geti hunirudisha nikikosea tarakimu moja. Nilidhani ananichukia tu.

MzigoTaratibu

😂 Anaweza kuwa anakuchukia pia.

Haya, bahari. Meli kubwa kabisa za makontena siku hizi hubeba zaidi ya 24,000 ukihesabu kwa kipimo cha futi 20. Hizo haziji Mombasa. Zinapiga kati ya Asia na Ulaya. Kontena letu mara nyingi linapandishwa meli moja Ningbo, linashushwa bandari ya kati kama Singapore, Port Klang au Colombo, linakaa uwanjani, kisha linapandishwa meli nyingine ndogo inayokuja Afrika Mashariki. Kuna meli za moja kwa moja, lakini soma ratiba vizuri: "wiki tatu" ya muuzaji mara nyingi ni ya moja kwa moja, huku mzigo wako umekatiwa tiketi ya kuunganisha.

Sasa ile ramani inayowapa watu presha. Kontena la kawaida la chuma halina kifaa cha kusema liko wapi. Ramani inaonyesha meli, na meli hutangaza mahali ilipo kwa redio inayosikika makumi ya maili tu kutoka pwani. Ikishapita Sri Lanka na kuingia bahari kuu, ni setilaiti ndizo zinaisikia, na tovuti nyingi za bure hazikupi habari hiyo. Kwa hivyo nukta inaganda. Mzigo unasonga, wewe ndiye huoni. Habari za kontena lenyewe zinaandikwa pale tu linapoguswa: limeingia geti, limepakiwa, limeshushwa, limetoka. Kama liko bandari ya kati na neno "limepakiwa" halijaandikwa tena, hapo ndipo uanze kupiga simu, hata kama meli uliyokuwa unaifuata inaonekana imekaribia Mombasa. Inaweza kuja bila wewe.

Kadenge_wa_Roysambu

Nani alileta wazo la hili sanduku kwani? Wachina?

MzigoTaratibu

Hapana, Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na masanduku 58. Kubwa si sanduku. Kubwa ni kwamba baadaye nchi zilikubaliana vipimo na zile pembe za chuma zenye matundu, ndiyo maana kreni ya Ningbo, reli ya hapa na trela ya Dereva_Mlolongo zote zinashika kontena lile lile bila kubadilisha kitu.

MtuWaKilindini

Hapo nami niingie, maana nyinyi watu wa Nairobi mwaiona bandari kama geti la kuchukulia mizigo tu. Mzee wangu alikuwa kuli hapa Kilindini. Magunia ya kahawa, begani, ngazi ya meli juu na chini. Meli moja ikikaa gatini siku nyingi, na mji mzima ukila kwa meli hiyo. Mgomo wa Januari 1947, Chege Kibachia akiwa kiongozi, na ule wa 1955 ambao Tom Mboya aliingia kupatanisha, ilikuwa na nguvu kwa sababu pasipo mabega hakuna kilichoshuka. Leo kreni moja na watu wachache wafanya kazi ya kundi zima. Sisemi turudi kwenye magunia, mgongo wa mzee wangu naujua. Lakini mkisema kontena lilipunguza gharama, semeni pia ni za nani zilizopungua, na mji gani ulilipa.

MzigoTaratibu

Mzee wangu, sina la kupinga hapo. Na uwezo wa bandari umepanda kweli. Kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilifunguliwa 2016, awamu ya pili ikafuata 2022, na mwaka 2024 Mombasa ilipitisha zaidi ya makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Sehemu yake ni ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, yanapita tu.

MtuWaKilindini

Na ya Nairobi mkayaweka kwenye treni kwa amri. Hilo hukulisema.

MzigoTaratibu

Nilikuwa nafika. SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba abiria katikati ya 2017, na mizigo ilishika kasi 2018. 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi ipande treni hadi bandari kavu ya Embakasi, itolewe ushuru huko. Mombasa ikaandamana, kesi zikaenda kortini, na Septemba 2022 serikali mpya ikaiondoa amri hiyo. Leo muagizaji ana hiari: BL yako ikisema Mombasa, unatolea huko na kubeba kwa lori, ikisema Embakasi, inapanda treni.

Dereva_Mlolongo

Na waliolala njaa ni sisi, na mama wa chapati pale Mtito Andei, na fundi wa matairi Mariakani. Treni haili chapati. Halafu jamani, treni inafika Embakasi, haifiki mlangoni kwako. Kutoka hapo bado unaniita mimi nikupeleke Industrial Area, na nauli ya huo mwendo mfupi hamuipigii hesabu.

MzigoTaratibu

Kweli kabisa, na ndiyo hesabu ninayowafanyisha wateja kwanza. Wanalinganisha treni na lori wakisahau kile kipande cha mwisho. Kwa maoni yangu: kontena moja moja la mtu mwenye stoo mjini, lori kutoka Mombasa mara nyingi linashinda kwa sababu linafika mlangoni. Mzigo mzito, au makontena mengi kwa mpigo, treni ina faida yake. Sipendelei upande.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja na kinauma kuliko nauli ya lori. Ushuru wa hapa unahesabiwa juu ya bei ya bidhaa PAMOJA na nauli ya meli na bima. Kwa hivyo nauli yenyewe inatozwa kodi. Chukua bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25. Kila dola 100 ya nauli ya meli inakuzalia dola 25 za ushuru. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya hiyo 125, dola 20. Ada ya tangazo la kuagiza ni asilimia 2.5. Tozo ya reli ilipandishwa tena mwishoni mwa 2024 ikawa asilimia 2. Jumla dola 49.5. Yaani nauli ikipanda kwa 100, wewe unapanda kwa karibu 150. Na nguo nyingi ziko kwenye kiwango cha 35, hapo inazidi.

Mkumbuke 2021, wakati wa Korona, nauli ya futi 40 kwenye njia kubwa za dunia ilipopita dola 10,000 kwa wastani. Watu waliuliza kwa nini sufuria imepanda Kamukunji na kiwanda hakijabadilisha bei. Jibu lilikuwa kwenye nauli, na kwenye kodi iliyopanda mgongoni mwa nauli.

Mgeni77

Lakini meli za kutoka Uchina kuja Mombasa hazipiti Bahari ya Shamu. Kwa nini 2024 mlituambia Wahouthi wa Yemen ndio wamepandisha bei? Niliona huo ni uongo wa mawakala.

MzigoTaratibu

Nimecheka, lakini swali ni halali. Kweli, njia yetu inatoka mlango-bahari wa Malaka inavuka Bahari ya Hindi, haigusi Suez. Lakini Novemba 2023 mashambulizi yalipoanza, meli za Asia na Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku 10 hadi 14 kila upande. Meli zile zile na makontena yale yale yakawa yanakaa baharini muda mrefu zaidi. Ili ratiba ya kila wiki isivunjike, kampuni zikahitaji meli zaidi, na zikazitoa kwenye njia ndogo. Sisi ndio njia ndogo. Makontena tupu nayo yakachelewa kurudi Uchina. Kwa hivyo huko Ningbo ukawa unagombania sanduku na mtu wa Rotterdam mwenye mfuko mzito kuliko wako.

Parachichi_Muranga

Sisi wa kuuza nje tuliipata moja kwa moja. Parachichi inakaa kwenye kontena la baridi, nyuzi tano au sita hivi, hewa ya ndani imepunguzwa oksijeni ili tunda lilale. Safari ya Ulaya kupitia Suez ilikuwa inahesabika. Ilipozunguka Afrika nzima, tunda linafika limechoka, mnunuzi anakata bei, na wewe mkulima huna la kusema kwa sababu liko Rotterdam na wewe uko Kandara. Uchina waliruhusu parachichi mbichi zetu 2022, angalau huko hakuna Suez. Lakini kupata kontena la baridi msimu ukiwa umekolea ni vita.

MzigoTaratibu

Na hapo ndipo kuna kichekesho kinachoudhi. Tunalia kuhusu makontena, huku kila siku meli zinaondoka Mombasa zimebeba makontena matupu. Tunaagiza vingi kuliko tunavyouza. Chai, kahawa, parachichi na maua kidogo yanayokwenda kwa bahari haviwezi kujaza masanduku yote yaliyoleta vyombo, nguo na vipuri. Kontena kavu tele, la baridi haba.

Sasa siku za kusimama, nilizoahidi. Kontena likishashushwa kuna hesabu mbili za siku zinazokwenda kwa wakati mmoja, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya bandari: siku chache za bure, kisha kodi ya kuhifadhi. Ya pili ni ya kampuni ya meli, kwa sababu sanduku ni lao: siku za bure, kisha dimareji, inayolipwa kwa dola na kupanda kadiri unavyokawia. Na hiyo ya pili haiishi ukishatoa mzigo. Inaendelea mpaka sanduku tupu lirudi kwenye depo waliyoitaja, likiwa safi na halijabonyezwa. Amana yako wanaishika mpaka hapo.

Kuna mteja wangu alimaliza ushuru haraka kabisa, akapeleka kontena kwenye stoo yake, akalitumia kama ghala huku anauza polepole. Alipolirudisha, bili ya kampuni ya meli ilikuwa imemla faida ya mzigo mzima. Hakuna aliyemwibia. Ilikuwa kwenye karatasi, kwa herufi ndogo.

Kwa hivyo kazi yote ifanywe meli ikiwa bado baharini. BL ikitoka tu, isome: jina lako, PIN, maelezo ya bidhaa, bandari ya mwisho. Kosa dogo la jina linarekebishwa kwa urahisi kabla manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, haijaingia kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi. Baada ya hapo ni barua, ada na foleni. Malizana na muuzaji ili aachilie kwa teleksi, yaani utolewe mzigo bila hati halisi, usingoje hati halisi kuja kwa kurieri huku mzigo umeshafika. Kata bima ya bahari kwa kampuni ya hapa, sheria inataka hivyo. Tangazo la forodha liwekwe mapema.

Kadenge_wa_Roysambu

Na yale makontena ya kuuzia chipsi mtaani, nayo yalisimama mpaka yakasahaulika?

MzigoTaratibu

Ha! Hayo yamestaafu. Kila kontena lina kibati mlangoni kinachotokana na mkataba wa usalama wa makontena wa 1972. Likizeeka, likapata kutu na mibonyeo, kampuni inaliuza badala ya kulikarabati. Ushauri mmoja kwa anayenunua la kufanya duka au nyumba: sakafu yake ni mbao nzito zilizotiwa dawa ya wadudu, na aina ya dawa imeandikwa kwenye kibati hicho hicho. Soma kabla ya kulaza mtoto humo. Mimi ningeifunika au kuing'oa. Na toboa madirisha kabla ya Januari kufika, jua la Nairobi juu ya chuma kitupu halina utani.

MtuWaKilindini

Nairobi mna jua? Njoo Changamwe mwezi wa pili, bwana.

Bi_Kamukunji

Kaka nirudi kwangu. Mkusanyaji wetu anasema meli iko "Colombo" tangu wiki jana na sisi tusubiri tu. Sikukuu zinakaribia, bila mzigo sina cha kuuza. Nifanye nini?

MzigoTaratibu

Usisubiri tu. Mwombe vitu vitatu leo: nakala ya BL kubwa hata kama amefunika majina ya wengine, jina la meli ya pili inayotoka Colombo, na tarehe inayotarajiwa kufika Mombasa. Kama hana jina la meli ya pili, kontena halijapangiwa safari, na hapo ni yeye wa kuisumbua kampuni ya meli kila asubuhi, si wewe kungoja. Muulize pia BL inaishia Mombasa au Embakasi, na cheti cha KEBS kimetoka au la. Akikujibu, niletee majibu kwa ujumbe wa faragha, namba ya kontena usiiweke hapa hadharani.

Bi_Kamukunji

Nimempigia. Anasema jina la meli atanipa Jumatatu.

MzigoTaratibu

Mwambie leo ni Jumatano.